Pilau la Siku ya Sifuri

1

Bwana Afya alitangaza sifuri saa moja kamili asubuhi, kwa sauti yake ile ya mtu aliyekula akashiba.

"Naitreti, sifuri. Fosfeti, sifuri. Siku ya tisini na sita. Hongereni."

"Hongera mwenyewe," nikamjibu.

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye daraja la mbao juu ya tangi, mkono umezama mpaka kwapani, nikipima jeraha la Shangazi kwa vidole. Jumatatu iliyopita nyama yake ilikuwa imebanduka upana wa vidole vitatu kutoka shinani. Leo vitano. Chini ya pale ilipobanduka palibaki mfupa mtupu, mweupe.

Shangazi ni tumbawe la meza, pana kama kitanda cha futi sita. Alitolewa baharini na wapiga mbizi wa mwisho, mwaka ule maji ya pwani yalipofikia joto la kuogeshea mtoto mchanga na yasishuke tena. Wakampandisha huku Njombe kwa lori, kwa kuwa huku baridi ni ya bure na kupoza maji hakuli umeme. Nchi nzima ina matangi kumi na mawili ya namna hii, yote milimani. Baharini kwenyewe halijabaki tumbawe hai hata moja. Mimi Siwatu Mbwana, mtu wa Mafia, niliyekua na miguu ndani ya maji ya uvuguvugu, huu ni mwaka wa kumi na tisa navaa masweta mawili mawili ili bahari isife. Sijaizoea baridi hii na sina mpango wa kuizoea.

Bwana Afya si mtu, ni mtambo unaosimamia maji. Mafundi walimpa jina hilo kwa sababu tabia zake ni za yule bwana afya wa zamani aliyepita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo: hakuulizi umekula nini, anakuuliza uchafu uko wapi. Kila saa huvuta kikombe cha maji na kukipima. Akikuta chembe ya naitreti au fosfeti, hukaza mtambo wa povu, ule unaochapa maji kama mtu anayechapa mayai na kuondoa taka juu juu, kisha hufungulia mitungi ya chembechembe nyekundu zinazonyonya fosfeti, mpaka maji yabaki matupu. Ndivyo Sheria ya Maji Safi inavyomwagiza. Bahari iliuawa na joto, vinyesi na mbolea, sheria ikasema, kwa hiyo ndani ya matangi mbolea iwe sifuri.

Hata samaki waliondolewa, wakafungiwa kwenye tangi dogo la chumba cha nyuma. Kosa lao? Wananya.

Festo Nyagawa, fundi wetu wa mabomba, akapanda darajani na tochi yake, akamulika mawe.

"Ute umeongezeka, dada," akasema. "Na Bwana Afya kaukaza mtambo tena alfajiri."

Niliuona. Nyuzi za kahawia zenye mapovu, zinaning'inia kwenye mawe kama kamasi. Ute ule hupenda maji yenye njaa. Viumbe wema wakishindwa, wenyewe unashika uwanja. Bwana Afya akiuona kwenye kamera anauita uchafu, anakaza mtambo. Akikaza, njaa inazidi, na njaa ikizidi ute unanenepa. Nimeyaandika haya kwenye taarifa nne, na zote nne zimepigwa mhuri wa "imepokelewa".

Jambo lenyewe si gumu. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi wapangaji, vimwani vidogo visivyoonekana kwa macho. Wanapika sukari kwa mwanga wa jua na wanamgawia mwenye nyumba. Lakini mpishi naye anakula, na chakula chake ni hiyo hiyo naitreti na fosfeti, kidogo tu, kiasi cha chumvi kwenye mchuzi. Mnyime, atahama. Wakihama wote tumbawe linabaki jeupe, linapendeza kwenye picha, linakufa.

"Vidole vitano," nikamwambia Festo.

Akazima tochi. Hakuniuliza vya nani.

2

Ofisi ya Daktari Kokushubila ilikuwa na jiko la mkaa katikati, na mimi hilo tu ndilo nililolipenda ndani yake. Yeye ni mkuu wa kituo tangu tangi lijazwe. Si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya.

"Kaa, Bi Siwatu. Nikumiminie chai?"

"Shangazi anakufa, Daktari. Kwa mwendo huu hafiki sherehe nyingine ya siku mia."

"Maji ni safi kuliko wakati wowote."

"Ndiyo yanayomuua. Daktari, ukifunua sufuria ukaikuta tupu, utasema watoto wameshiba? Huenda wameshiba. Huenda pia hakuna aliyepika. Bwana Afya anaona sufuria tupu kila saa na anatupongeza."

Alikoroga chai yake muda mrefu.

"Nilikuwa msichana, nafanya utafiti pwani, bomba la majitaka likapasuka," akasema. "Miezi miwili, Bi Siwatu. Mwamba wote ulifunikwa na mwani, kijani kibichi, unavutia kama shamba la mpunga. Chini yake hakuna kilichopumua. Niliyapasua yale majani kwa mikono yangu nikitafuta hata tumbawe moja hai. Sasa wewe unaniambia nirudishe mbolea."

"Sikuambii urudishe majitaka. Nakuambia chumvi kwenye mchuzi. Sehemu tano za naitreti katika milioni. Tone."

"Leo tone. Kesho atakuja mwenye ndoo."

"Basi nisikilizwe na kamati ya matangi."

"Andika ombi. Watakaa mwakani."

"Shangazi hana mwakani."

Akainuka, akaenda dirishani. Nje ukungu ulikuwa umekalia misonobari. Aliponisemesha tena alikuwa amenipa mgongo.

"Kona ya kaskazini inapendeza sana siku hizi."

Kona ya kaskazini ilipendeza kwa sababu kwa miezi miwili nimekuwa nikiilisha kwa siri. Nasaga dagaa, nachanganya uji mzito, naunyonya kwa bomba la sindano kisha naliwekea kila tumbawe tone mdomoni. Linamezwa kabla halijafika kwenye bomba la Bwana Afya. Yeye anapima kinachobaki, hapimi kinacholiwa.

"Sijui unafanyaje na sitaki kujua," akasema Daktari. "Mfanyie na Shangazi hivyo hivyo. Ubao wa vipimo ubaki na sifuri, mimi sitaona kitu. Ni hilo tu ninaloweza."

Akageuka, akaongeza kama jambo la kupita: "Na wale samaki wa chumba cha nyuma wataondoka Ijumaa, sherehe ikiisha. Kuna hoteli imewaomba kwa ajili ya ukumbi wake."

Nilifurahi. Naona haya kusema, lakini nilitoka mle ofisini nimefurahi. Shangazi atakula, mimi nitabaki na kazi, Daktari atabaki na sifuri yake. Nilipita jikoni nikaomba kilo mbili za dagaa, nikimdanganya mpishi kwamba nina hamu nao.

3

Furaha hiyo ilidumu mpaka Jumatano saa nne, Shemdoe aliponipigia simu kutoka Lushoto. Shemdoe anatunza tangi la saba. Tulifunzwa kazi pamoja, na kila mwezi hunitania kuwa watu wa visiwani tunaogopa baridi kama paka.

Siku hiyo hakunitania.

"Tangi letu limekwisha, Siwatu," akasema.

"Limekwishaje?"

"Jeupe lote. Limebaki tumbawe moja lenye sura ya ubongo, nalo sidhani." Akapumua. "Mimi nilikuwa nimewaachia kidogo, unajua. Sehemu mbili, tatu. Nilikuwa nachelewesha kubadilisha mitungi kwa makusudi, na walikuwa na rangi. Kisha ukaja waraka una picha ya kona yenu ya kaskazini. 'Njombe, siku themanini za sifuri, tazameni afya.' Wakuu wakaniuliza, Njombe wanaweza, wewe unashindwa nini? Nikabadilisha mitungi. Nikafika sifuri. Nilifuata kila kitu mnachofanya nyinyi, dada yangu. Niambie nilikosea wapi."

Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha chakula cha matumbawe, kinu kiko mbele yangu, vidole vinanuka dagaa.

Ningeweza kumwambia sijui. Angeniamini.

"Hukukosea," nikamwambia. "Ile kona haikupona kwa sifuri. Nilikuwa nailisha dagaa kwa siri."

Kwenye simu niliusikia mtambo wa povu wa kwao ukichapa maji yasiyo na mtu.

"Ungeniambia," akasema. Kisha akakata, na Shemdoe si mtu wa kukata simu bila kuaga.

Nilikaa sakafuni. Nililia, na kilio kilipokwisha nikakasirika, na hasira ile ndiyo iliyoniinua. Nilijikasirikia mimi kwanza. Uongo wangu mdogo, ule niliouita huruma, ulikuwa umeipa sifuri uso mzuri, na Lushoto wakauamini uso ule. Nikimlisha Shangazi kwa siri, atapona, atapigwa picha, na waraka mwingine utaenda kwenye matangi kumi yaliyobaki. Nikimlisha hadharani nitafukuzwa, ataletwa mwingine anayeiogopa sheria kuliko Mungu, na pengine Shangazi asilishwe kabisa. Na juu ya yote kuna swali la Daktari, ambalo sikuwa na haki ya kulicheka: nikikosea kipimo je? Shangazi si wangu. Si wa Daktari pia. Ni wa watu ambao hawajazaliwa, na hao hakuna wa kuwauliza.

Nikamkumbuka mama. Pale kwetu wanawake walikuwa na jabali lao la kupaa samaki magamba maji yakitoka, na desturi yao ilikuwa maji ya kwanza ya kuoshea hayamwagwi mchangani, yanarudishwa baharini. "Mwenye nyumba ale kwanza," mama alikuwa akisema. Hakujua naitreti. Lakini matumbawe ya kuzunguka jabali lile yalikuwa ya kahawia, yamenona, na vijisamaki vya buluu vimelala katikati ya matawi yake kama watoto kwenye kitanda kimoja.

Vijisamaki. Nikanyanyuka kwenda chumba cha nyuma.

Walikuwa hamsini na watatu, buluu, hakuna aliyezidi kidole gumba. Unga wa dagaa unaweza kukatazwa kesho asubuhi na mambo yakaisha. Samaki hakatazwi. Usiku analala ndani ya matawi ya tumbawe, mkojo wake unaliwa pale pale, kidogo kidogo, kabla haujafika kwenye bomba lolote. Na kila aliyewahi kufuga samaki kwenye matumbawe analijua hili: kumtia ni dakika moja, kumtoa ni kuvunja nyumba nzima, jiwe baada ya jiwe. Sheria ya Maji Safi, kifungu cha nne, inasema hakuna mtu atakayesogeza jiwe hata moja.

Nilimweleza Festo mchana tukila viazi.

"Daktari atakufukuza," akasema.

"Atanifukuza."

"Na mimi?"

"Wewe utashika mlango tu. Kushika mlango si kosa."

Akatafuna taratibu. "Kwetu aliyeshika ngazi na aliyeiba ndizi wote wanapigwa." Akachukua kiazi kingine. "Mlango wenyewe upi?"

"Huogopi?"

"Naogopa. Lakini nimechoka kumulika mifupa, dada."

4

Siku ya Sifuri ina desturi zake. Kila zinapotimia siku mia, kituo kizima hukusanyika mbele ya kioo cha tangi, mgeni rasmi anakuja kutoka Dodoma, na saa saba mchana Bwana Afya anatangaza kipimo. Mkuu wa kituo anachukua chaki, anaandika sifuri ya mia kwenye ubao mweusi. Ndipo linafunuliwa pilau. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga, na sisi tulikuwa tunakwenda mbali zaidi: tulichinja mbuzi kusherehekea kwamba matumbawe hayajala siku mia.

Tangu asubuhi nilikuwa nawazoesha samaki wangu. Wamo kwenye ndoo kumi, na kila robo saa nawamiminia kikombe kimoja cha maji ya tangi, ili miili yao ijue wanakokwenda. Saa sita na nusu nikazipanga ndoo kwenye toroli. Festo akafungua milango yote miwili na kusimama pale ameshika komeo, mnyoofu kama askari wa gwaride.

Niliingia kati ya hotuba mbili. Toroli lilipiga kelele, watu wakageuka. Mshereheshaji, kijana mchangamfu aliyekodiwa mjini, akatazama ratiba yake, hakuniona humo, akaamua kwamba ratiba ndiyo yenye makosa.

"Na sasa mabibi na mabwana, wenzetu wa kitengo cha utunzaji," akasema kwenye kipaza sauti. "Tuwapigie makofi."

Wakapiga. Mgeni rasmi, mzee mnene mwenye miwani ya dhahabu, alipiga kuliko wote. Nikapanda ngazi na ndoo ya kwanza, nikaizamisha taratibu, nikaiinamisha. Sita wakatoka. Walitua kidogo kama wageni mlangoni, halafu wakapiga mbizi.

Ndoo ya tatu ndipo Daktari Kokushubila alipoelewa. Nilimwona akisimama, uso umempauka. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka chini ya ngazi akasema kwa sauti ya chini:

"Siwatu. Shuka."

Hakuniita Bi.

"Nina ndoo saba, Daktari."

"Yamebaki maji yao humo ndani. Machafu. Unaijua hesabu yake."

"Naijua. Nimeipima mara tatu. Tangi lina lita elfu arobaini. Haitafika hata robo ya sehemu moja." Nikainamisha ya nne. "Unaweza kuniteremsha. Askari wako wako pale."

Hakuwaita. Mpaka leo sijui kwa nini. Nikamaliza ndoo zote kumi, nikashuka nikichuruzika maji, maana mimi si shujaa, mimi ni mtu aliyeloa masweta mawili.

"Watoe," akasema.

"Siwezi. Tazama mwenyewe."

Hakuna hata mmoja aliyekuwa wazi. Walikuwa wameingia ndani ya Shangazi, kila tawi na mpangaji wake, na ukitazama kwa makini uliona mikia ya buluu ikipepea pale pale kwenye ukingo wa jeraha.

"Kifungu cha nne, Daktari. Jiwe halisogezwi. Nawe ndiye uliyenifundisha."

Mgeni rasmi akasogea. "Hii ni sehemu ya sherehe?" akauliza.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, kwa sababu ya Shemdoe. "Ile picha ya kona ya kaskazini mliyoisambaza ni ya uongo. Haikupona kwa sifuri. Nilikuwa nailisha dagaa, kwa siri, na Lushoto wameua tangi lao kwa kuifuata. Sitaki kulisha tena kwa siri. Mficha uchi hazai."

Minong'ono ikapita. Saa ya ukutani ikafika saba, na Bwana Afya, ambaye hana habari na minong'ono ya watu, akavuta kikombe chake.

Akachelewa. Hakuwahi kuchelewa.

"Naitreti," akasema, "sifuri nukta mbili. Fosfeti, sifuri nukta sifuri moja. Siku ya kwanza."

Hakutupongeza. Mtambo wa povu ukaanza kunguruma kwa nguvu zote, ukichapa na kuchapa. Na ungurume. Kitakacholiwa usiku ndani ya matawi haukifikii.

Daktari alikuwa ameshika chaki mbele ya ubao wenye sifuri tisini na tisa. Aliinua mkono, akaushusha.

"Ukikosea?" akaniuliza. Lilikuwa swali la kweli, la yule msichana aliyepasua majani kwa mikono.

"Nikikosea, watu wajue ni nani aliyekosea." Nikaichukua chaki mkononi mwake, akaiachia. Nikaandika kwa herufi kubwa: 0.2. Chini yake nikaandika jina langu lote, la baba na la babu.

"Umefukuzwa kazi," akasema Daktari.

"Najua."

"Barua utaipata Jumatatu." Akautazama ubao tena. "Mpaka Jumatatu bado wewe ndiye mtunzaji. Ule ute uusafishe. Na jeraha lake ulipime kila siku, uniandikie."

"Vidole sita leo," nikasema.

Mgeni rasmi akakohoa. Alikuwa mtu wa itifaki na itifaki ilikuwa imemkimbia. "Sasa samahani," akasema, "hili pilau tunakula au hatuli?"

"Tunakula, mheshimiwa," nikamwambia. "Leo tunakula wote."

Nikajipakulia sahani ya kwanza mimi, kabla yake na kabla ya mtu yeyote, nikavuta kiti mbele ya kioo nikaketi. Hakuna aliyenizuia. Festo akaacha mlango wake, akaja na sahani yake, akaketi kando yangu. Mgeni rasmi akaja kuinama mbele ya kioo, miwani ikikaribia kukigusa, akitafuta hao samaki waliomharibia siku.

Mmoja akatoka kwenye matawi ya Shangazi, akasimama usawa wa pua yake. Akamtazama. Akanya.

Nikaweka sahani chini, nikampigia makofi.